Dawa ya Saa Sita

Nianze na la aibu, nisije nikalificha huko mbele. Mdogo wangu wa kike aliingia jeshini, mimi nikabaki, na kwa karibu mwaka mzima sikumtakia heri. Niliomba mvua impige. Niliomba viatu vimbane. Kanisani mchungaji alipowaombea vijana walioko mafunzoni, watu wote waliitikia amina na mimi nikafunga mdomo. Nayaandika haya sasa nimepoa, kwa ajili ya mwenzangu mahali fulani aliyeshika karatasi ya vidonge huku ndugu yake akipigiwa vigelegele. Kuhusu ugonjwa utaambiwa na wengi. Kuhusu wivu, mimi sikuambiwa na mtu.

Naitwa Kadzo. Tunakaa Mtopanga, upande wa Kisauni, ila asili yetu ni Kaloleni. Jina langu ni la mama yake baba, na kwetu Wagiriama mtoto akipewa jina la mtu huwa ndiye yule mtu. Baba hajaniita Kadzo hata siku moja. Huniita mayo, yaani mama. Mama naye huniita mavyaa, kwa kuwa mimi ni mama wa mumewe. Ni utani, lakini ndani ya utani huo mna adabu ya kweli: mtu hamchapi mamake mzazi, wala mke hamfokei mavyaa wake. Nilikua bila kuguswa na fimbo.

Sasa huyo bibi, Kadzo wa kwanza, alikuwa na sifa yake. Alitumwa kuni akarudi na maji. Siku moja alitoka kwenda kisimani, akaja kuonekana jioni kijiji cha tatu, matangani, anawapikia wafiwa asiowajua hata kidogo. Hadithi hizi zilisimuliwa nyumbani kwa kicheko mpaka machozi. Kwa hiyo nilipopoteza daftari, nilipovaa kiatu cha shule mguu mmoja na ndara mguu wa pili, nilipofanya mtihani nikajibu ukurasa wa kwanza na wa tatu bila kuufungua wa pili, baba alipiga makofi akasema, "Mayo amerudi!" Mwalimu aliandika kwenye ripoti: anaweza, ila hatulii. Wazazi waliisoma kama salamu kutoka kwa marehemu. Hakuna aliyefikiria maradhi, na siwalaumu, maana hata mimi nilijiona nina bahati ya jina.

Mbeyu alizaliwa miaka minne baada yangu. Yeye alipewa jina la ndugu fulani wa babu ambaye hakuna aliyemkumbuka vizuri, kwa hiyo alilelewa kama mtoto. Alichapwa, alitumwa, alifundishwa kukunja shuka. Na kazi yake kubwa nyumbani ilikuwa mimi.

"Mbeyu, hebu mtazame mavyaa, amevaa viatu vya aina moja?"

"Amevaa, mama."

"Na daftari?"

"Liko kwenye mfuko. Nimeliweka mimi."

Alikuwa na miaka saba wakati huo.

Jeshi nililitaka tangu darasa la sita. Wanajeshi walipiga kambi siku tatu kwenye uwanja karibu na shule yetu, nami nikajibana kwenye ua nikiwatazama. Filimbi ililia, wote wakaamka. Ikalia tena, wote wakala. Ikalia, wote wakakimbia. Nikawaza, hawa hawana haja ya kukumbuka kitu chochote, filimbi inawakumbukia. Wengine hutaka jeshi kwa ajili ya magwanda au bunduki. Mimi nilitaka ile filimbi, na nilikuwa na miguu ya kuifuata, maana kukimbia hakujawahi kunishinda.

Ugonjwa wangu uligunduliwa kupitia mkono wa Mbeyu. Mama huuza viazi vya karai barazani. Siku moja, nikiwa na miaka ishirini, aliniachia karai likiwa motoni akaenda kununua unga. Nikasikia paka analia juu ya paa la jirani. Nikaenda kumtazama. Yule paka alikuwa na shida yake, nami nikaifuatilia, na paa lile likaniongoza kwenye paa jingine. Niliporudi moshi ulikuwa umejaa baraza na Mbeyu anahangaika kuliepua karai kwa vipande vya gunia. Mafuta yakamrukia mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Hakulia. Alisema tu, "Da Kadzo, leta maji," na mimi nikaenda kuleta maji, na njiani nikasahau nimeendea nini.

Hospitalini muuguzi aliyemfunga kidonda aliuliza ilikuwaje. Nikamweleza habari ya paka. Aliacha kufunga akanitazama.

"Na hivi huwa mara ngapi?"

Mama akadakia, "Ah, huyu ni kawaida yake, ni jina la bibi yake."

"Jina?" Muuguzi akamalizia kidonda cha Mbeyu, kisha akamwambia mama, "Huyu wa mkono mrudishe Ijumaa. Huyu wa jina mpeleke mlango ule wa mwisho, kule nyuma."

Mlango ule wa mwisho ni wa kliniki ya akili. Ukitaka kujua watu wa mtaani kwenu, kaa kwenye benchi lake. Kila aliyepita alinisalimu, kisha akauliza, "Umekuja kumwona nani?" Siku ya kwanza nilisema shangazi. Siku ya pili nilisema nimepumzika tu. Kukaa kwenyewe kulikuwa mateso. Mwili ulinichoma, nikasimama, nikakaa, nikahesabu vigae, nikasoma bango la chanjo mara kumi na nne bila kujua linasema nini. Namba yangu iliitwa nikiwa nje natazama fundi anayepandisha tangi la maji, ikanipita.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kisauni, Bi Rukia, aliyekuwa akimleta mwanawe wa kiume kila mwezi. Alikuja na fungu la miyaa akawa anasuka ukili wa mkeka huku anangoja. Akanikatia kipande akanionyesha mwanzo wake.

"Shika hii. Mkono ukipata kazi, kichwa hutulia kidogo. Mimi wallahi nisingekuwa na ukili ningeshaingia ndani kutibiwa mimi."

Siku ile nilisikia namba yangu. Kama unayo kliniki ya kwenda, nenda na kitu cha mkononi.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa herufi za Kizungu, kisha akasema kwa Kiswahili kwamba nina tatizo la umakini, la kuzaliwa nalo, na kwamba si uvivu wala si pepo. Mama akauliza kama basi na bibi alikuwa nalo. Daktari akasema yeye hatibu marehemu. Nikapewa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja saa sita mchana.

Miezi ile ya kwanza mwili ulibadilika. Hamu ya chakula ilinitoka, sketi zikaanza kunidondoka, mama akazishona upya kiunoni mara mbili. Midomo ilikauka. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa. Nilirudi kwa daktari akapunguza dawa, na kufika vuli mwili ukaizoea. Na ndipo mambo madogo yakaanza. Nilisikiliza mahubiri kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa mara ya kwanza maishani, nikagundua kumbe mchungaji husema jambo moja mara nne. Nilichemsha chai nikainywa ile ile niliyoichemsha.

Kidonge cha asubuhi nilikipata kitandani. Cha saa sita kingenipotea kila siku kama si Mbeyu. Jua likifika katikati, popote alipo, kibarazani au bombani, aliinua kichwa akaita: "Da Kadzo, umekunywa dawa?" Hakuwa akinitazama hata usoni. Ilimtoka kama mtu anavyopiga chafya. Kwa miaka miwili sikumbuki siku aliyokosa, na jirani zetu walishaanza kupika chakula cha mchana kwa sauti yake.

Kisha jeshi likatangaza siku ya kuchukua vijana. Mtu mmoja akaniambia wanapima mkojo na dawa ya aina yoyote inaonekana. Sikumuuliza daktari. Wiki sita kabla ya siku yenyewe niliacha vidonge kimya kimya. Mbeyu aliuliza kila saa sita, nami nikajibu, "Nimekunywa," huku nimekitumbukiza kwenye kopo la mchanga alimopanda mama mpilipili. Nakuomba usifanye nilivyofanya. Kichwa kilirudi kule kule, na safari hii nilikuwa nimekwisha onja utulivu, kwa hiyo nilijua ninachopoteza.

Siku ilipofika, jua la kaskazi, Mbeyu alinisindikiza kubeba bahasha. Mama alikuwa ameweka vyeti vyetu sote humo humo, maana ndani ya nyumba yetu kuna bahasha moja tu ya vyeti. Tulipofika uwanjani afande mmoja akatangaza kwamba asiyekuwa kwenye foleni atoke nje ya uzio.

"Nitatoka," Mbeyu akasema. Kisha akanitazama, akaona nimeshaanza kufuata kunguru kwa macho. "Hapana. Naingia nyuma yako. Nitakuwa masikio yako mpaka mwisho, halafu nitoke."

Ndivyo alivyoingia jeshini. Aliingia foleni ili anisikilizie.

Walituandika namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Mbio nilitoka wa pili. Mbeyu alifika katikati ya kundi, anahema. Tulipopimwa urefu, namba yangu iliitwa, nami nilikuwa natazama mstari wa siafu. Akanifinya kiunoni, nikasonga. Tulipoambiwa tuonyeshe meno akanifinya tena. Wakafika kwenye makovu. Afande wa kike akaushika mkono wake wa kushoto.

"Hili kovu la nini?"

"Nilijimwagia mafuta mwenyewe, afande. Nilikuwa na haraka."

Afande akaukunja mkono ule, akaukunjua, akamwambia asonge mbele. Mimi nikainamisha macho. Alinifichia mbele ya serikali, na wakati ule nilimpenda.

Tukapewa nafasi ya kunywa maji. Jua lilikuwa katikati kabisa, vivuli vimeingia chini ya miguu. Mbeyu akainua kichwa.

"Da Kadzo, umekunywa dawa?"

Alisema kwa sauti ile ya barazani, ya kufika bombani. Yule afande wa kike alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu.

"Dawa gani?"

Mbeyu akashika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikasema, "Sinywi dawa, afande."

"Mwenzako anasema unakunywa."

"Niliacha."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya kunituliza kichwa. Ya umakini."

"Nani alikwambia uache?"

"Mwenyewe."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. "Binti," akasema, "ungekuja na ugonjwa wako mkononi ukaniambia, tungezungumza. Sijui tungefika wapi, lakini tungezungumza. Aliyeacha dawa kwa siri leo, kesho ataacha lindo kwa siri. Nenda nyumbani ukatibiwe." Akachukua kalamu yake akapitisha mstari juu ya namba yangu, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mbeyu alitaka kutoka nami. Machozi yalikuwa yanamdondoka. Nikamwambia, "Kaa," na moyoni nilikuwa naomba akatae. Lakini Mbeyu hakuwa na desturi ya kukataa ninachomwambia. Akakaa. Nilisimama nje ya uzio mpaka alasiri, na walipowasoma waliochaguliwa jina lake lilikuwemo.

Sikuiosha ile namba. Nilioga nikiinua mkono juu, na kila nilipoutazama nilijiuliza swali moja: mtu aliyejua kulificha kovu, alishindwaje kukificha kidonge? Alilificha la kwake lililomhusu. Langu akalitangaza. Wivu ukishapata swali kama hilo hauhitaji jibu. Nikakumbuka mambo ya zamani, jinsi mama anavyomtuma yeye sokoni, jinsi baba anavyomwachia yeye funguo. Nikajiambia kwamba ameningoja miaka yote, ananibebea daftari na bahasha, mpaka kifike cha maana aninyang'anye.

Siku ya kumuaga Mbeyu, shangazi zetu walikuja kutoka Kaloleni. Jogoo wawili walichinjwa. Kwetu anayesafiri mbali hubarikiwa na mkubwa wa ukoo: mkubwa hupiga funda la maji, akampulizia kifuani, akasema, "Nenda urudi salama." Mama, mtu wa kanisa, huwa anajifanya yuko jikoni wakati huo. Baba akaleta maji kwenye kata, akapita wazee wote, akanijia mimi.

"Mayo," akasema, "mjukuu wako anaondoka. Mbariki."

Kwa jina nilikuwa bibi yake. Mbeyu akapiga magoti mbele yangu, nywele ameshanyolewa, akainua uso. Nikapiga funda. Maji yalijaa mashavuni. Nikamtazama, nikaona lile kovu, nikaona amepiga magoti mahali ambapo ningepiga mimi.

Nikayameza.

Baba akaangua kicheko. "Mayo amesahau! Alikuwa na kiu!" Shangazi wote wakacheka, mmoja akasema kweli hili ni jina la yule yule, wakampa kata mtu mwingine akampulizia. Nami nikacheka nao. Ugonjwa wangu ulinipa pa kujificha, na nilijificha humo bila haya. Ila Mbeyu hakucheka. Alinijua nikisahau ninavyokuwa, na alijua kwamba pale sikusahau.

Alipoondoka, masika yakaanza. Sikurudi kliniki. Nilisema kama ni kuumwa niumwe, kwa ajili ya nani nitulie? Nilipata kazi ya kupanga mizigo kwenye bohari ya Changamwe anakofanya kazi baba, nikafukuzwa kabla ya wiki mbili kwa kuacha mlango wazi kwenye mvua. Baba alirudi nyumbani akakaa kitako, kwa mara ya kwanza hakusema mayo amerudi. Alisema, "Kadzo." Kusikia jina langu kinywani mwake kuliniumiza kuliko fimbo nisizopigwa.

Akaniuliza, "Kadzo, wewe ni mgonjwa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi bibi yako nitamwacha apumzike. Twende hospitali."

Tukaenda wawili, upepo wa kusi unavuma, baba amevaa shati la Jumapili. Benchi lilikuwa pale pale na Bi Rukia alikuwa pale pale. Alisogea akanipisha, akakata miyaa, akampa na baba. Baba alisuka vibaya sana lakini alisuka.

"Mdogo wako yule mwenye sauti, uliyekuwa ukija naye, yuko wapi?" Bi Rukia akauliza.

"Jeshini. Nafasi yangu kaichukua yeye."

Hakunihurumia. "Na ungepewa wewe, nani angekukumbusha dawa huko? Au ungemtia yeye kwenye begi?" Kisha akanigusa goti. "Wivu ni ndugu wa maradhi, mwanangu. Mtie kwenye benchi naye angoje zamu. Inshallah ataitwa."

Nilianza vidonge upya. Mdomo ukakauka upya, sketi zikadondoka upya. Shida ilikuwa ile ya saa sita. Mama alijaribu kunikumbusha akasahau, yuko na wateja. Siku ya nne nikagundua kwamba adhana ya adhuhuri, kutoka msikiti ulio nyuma ya nyumba yetu, hulia karibu na wakati huo huo. Mimi Mkristo, lakini tangu siku hiyo dawa yangu inaitwa na mwadhini. Nikiisikia tu mkono unakwenda mfukoni. Kazi niliyopata ni ya miguu: nawapelekea viazi vya mama mafundi na wenye maduka mpaka Junda, natembea kutwa. Mafuta siyagusi.

Hata hivyo kila adhana ilipolia nilimsikia yeye ndani yake, na nilimchukia. Dawa inatuliza mengine yote. Hili halikuligusa.

Mvua za vuli zilipoanza Mbeyu akaja likizo yake ya kwanza. Amejaa mabega, shingo imenyooka, anakunja shuka mpaka inakuwa na kona. Mtaa mzima ulikuja kumtazama. Alikuja na mwenzake wa mafunzoni, Nekesa, msichana wa Bungoma asiyewahi kuonja viazi vya karai. Siku tatu alikaa nyumbani, na siku zote tatu saa sita ilifika ikapita bila yeye kuniuliza kitu. Anainua kichwa, anakishusha. Nikasema moyoni, ameshakuwa mkubwa, nitakumbushwa na nani tena?

Siku ya nne Mbeyu alikuwa uani anafua. Nekesa alikaa nami barazani, tunamenya viazi.

"Kwani wewe ndio Kadzo?" akaniuliza ghafla. "Yule wa dawa?"

Kisu kikasimama mkononi. "Amewaambia habari zangu?"

"Hajatuambia kitu! Huyo mtu hasemi. Lakini huko sisi tulikuwa tunamwita Dawa, manze. Kila siku saa sita, filimbi ya chakula ikilia, anainua kichwa tu hivi, anasema, 'Da Kadzo, umekunywa dawa?' Siku ya kwanza tulicheka mpaka tukaadhibiwa wote. Hata porini, tumelala kwa matope na bunduki, jua likifika hapo unamsikia anaisema. Sajenti mmoja alimkimbiza uwanja mzima juu ya hiyo kitu. Akakimbia. Kesho yake saa sita akasema tena. Sajenti akamuuliza, huyo Kadzo ni nani? Akasema, ni mtu hatasikia nisipomwambia."

Nilimenya kiazi kile mpaka kikaisha mkononi.

Miezi yote ile nilikuwa nimemhesabia neno lile kama kisu alichonitunzia. Kumbe halikuwa hata neno. Lilimtoka mbele ya afande wangu kama lilivyomtoka mbele ya sajenti wake, akapewa adhabu, na bado likamtoka. Tulimfundisha sisi, akiwa na miaka saba, na hakuna aliyewahi kumwambia kazi imekwisha. Alichojifunza ni kulizuia mbele yangu tu, kwa kuwa lilinigharimu.

Adhana ikaanza. Nikamwona uani akiinua kichwa kutoka kwenye beseni. Mdomo ukafunguka. Akanitazama, akaufunga, akainama kufua.

"Mbeyu," nikaita.

"Abee, da Kadzo."

"Njoo hapa. Sema."

"Niseme nini?"

"Unachokisema huko."

Akamtazama Nekesa kwa jicho la kumla mtu. Akaja, mikono ina povu, akasimama mbele yangu, wima, visigino pamoja, kama walivyomfundisha.

"Da Kadzo," akasema, "umekunywa dawa?"

Nikainuka. Nikanyoosha mgongo. Neno lile nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu darasa la sita, na sikuwa nimepata pa kulisema vizuri.

"Bado, afande."

Akacheka na kulia kwa pamoja. Nikachukua kikombe cha maji, nikatoa kidonge mfukoni, nikakimezea kwa funda la kwanza. Alikuwa ameshageuka kurudi kwenye beseni lake.

"Sijakwambia uondoke," nikasema. "Piga magoti. Kuna maji yako niliyameza."

Alipiga magoti pale pale kwenye maganda ya viazi. Mama aliona kutoka mlangoni, safari hii hakwenda jikoni. Nikapiga funda la pili, mashavu yakajaa. Lile kovu lilikuwa pale mbele yangu, na mabega yale, na shingo ile iliyonyooka, vyote nilivyovitaka mimi, na wivu ulikuwepo kama ulivyokuwepo siku ya kwanza.

Lakini maji niliyapuliza yote, sikumeza hata tone.